Chuma cha Buhaya na Majembe ya Dukani

Mwaka 1976, wazee wachache wa Buhaya, nchi ya Wahaya kando ya Ziwa Viktoria, walijenga tena tanuri la kuyeyushia chuma. Kazi hiyo ilikuwa imekoma takriban nusu karne kabla, na kumbukumbu yake ilibaki vichwani mwa waliowahi kuifanya au kuishuhudia ujanani. Walifinyanga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma nyasi za bwawani ndani ya shimo lake, wakapanga mkaa na mawe ya chuma, kisha wakaanza kuvukuta kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Chuma kikatoka.

Waliokuwa wakipima joto la tanuri ni mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery. Mwaka 1978 waliandika katika jarida la Science kwamba joto la matanuri ya aina hiyo lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Wataalamu wengine walibishia maelezo yao ya jinsi joto hilo lilivyopatikana, lakini ukongwe wa kazi yenyewe una ushahidi ardhini. Katuruka, karibu na Maruku, mahali panapokumbukwa kuwa makao ya Mukama (mfalme) Rugomora Mahe, uchimbaji ulifukua mabaki ya uhunzi ya zaidi ya miaka 2,000.

Chuma kilichopatikana kwa jasho kiasi hicho hakikutupwa. Jembe lililiwa na udongo wa kibanja, yaani shamba la migomba, msimu baada ya msimu, kisha likarudi kwa mhunzi, likapashwa moto na kufuliwa kuwa kisu. Jembe jipya lilikuwa mali ya kutolea mahari.

Mambo yaligeuka reli kutoka pwani ilipofika Kisumu, kwenye Ziwa Viktoria, mwaka 1901. Meli za ziwani zikashusha bidhaa za Ulaya Bukoba, na fedha za kahawa zikawapa watu uwezo wa kuzinunua. Jembe la dukani halikuhitaji kulishinda la mhunzi kwa ubora; bei ilitosha. Matanuri yakazimika, wahunzi wakabaki wakifua vyuma chakavu, zikiwemo springi za magari.

Baada ya uhuru, kiwanda cha Ubungo Farm Implements, UFI, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilitengeneza majembe na mapanga nchini. Siku hizi, kuanzia soko la Bukoba hadi magulio ya Muleba, jembe hupangwa kando ya ndoo na beseni za plastiki. Ndoo ikipasuka, haina fundi.

Wanaolalamika kwamba vitu vya zamani vilidumu wana haki, ila lawama zote wasiitupie plastiki. Buhaya ilianza kumwacha fundi wake zaidi ya karne moja iliyopita, kwa kununua jembe zuri tu lililouzwa kwa bei nafuu.