Mbale, mji wa chini ya mlima uliopata Chuo Kikuu



Ndugu zetu katika imani, wengi wetu tunaujua mji wa Mbale, mashariki ya Uganda, kwa jina la chuo tu. Vijana wetu huvuka mpaka wa Malaba, wakapita Tororo, wakafika. Mji wenyewe una historia yake.

Mbale iko chini ya mlima Elgon, ambao Wagisu wanauita Masaba. Mwanzoni mwa karne ya 20 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, alihamia hapo na watu wake, akafungua barabara na kupanda miti. (Baadaye huyo huyo aliuacha Ukristo akashika dini ya Kiyahudi, na wafuasi wake, Abayudaya, wapo huko mpaka leo!) Kisha ikaja kahawa ya mlimani. Mtu wa Kapchorwa au Kumi akiwa na mzigo wa kuuza, au mgonjwa wa kupeleka hospitali kubwa, njia yake ni Mbale.

Sasa chuo. Zama za ukoloni shule nyingi za Uganda zilikuwa za wamisionari, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea watoto wao wasije wakabatizwa. Wakawazuia. Matokeo yake Waislamu wakajulikana kwa udereva, uchinjaji wa nyama na biashara ndogo ndogo, kazi za halali zote, lakini maofisini walikuwa wa kuhesabika.

Mwaka 1974 wakuu wa nchi za Kiislamu walikutana Lahore, Pakistan, wakaamua vijengwe vyuo vikuu viwili Afrika, kimoja Niger kwa wanaotumia Kifaransa, kingine Uganda kwa wanaotumia Kiingereza. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ikaanguka, nchi ikaingia katika vita, na jambo likalala. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Lahore alikuwa amekwisha maliza shule ya msingi ndipo milango ilipofunguliwa, Februari 1988, kwa wanafunzi 80. Wakati huo Uganda nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, Makerere.

Alhamdulillah, leo kina matawi Kampala na Arua, na Kabojja ni kwa ajili ya mabinti peke yao. Wasiokuwa Waislamu nao husoma humo. Makao makuu yamebaki Mbale, ambayo mwaka 2020 ilipewa hadhi ya jiji.