Gauni la Kulalia Lililopotea

Julai 1860, askari kanzu mmoja kutoka London alikuwa katika kijiji cha Road, jimbo la Wiltshire nchini Uingereza, akihesabu nguo za kulalia. Jonathan Whicher alikuwa miongoni mwa wapelelezi wa mwanzo kabisa wa polisi wa London, Scotland Yard, katika kitengo cha upelelezi kilichoanzishwa mwaka 1842 kikiwa na watu wanane tu. Orodha ya nguo za binti wa nyumba, Constance Kent, mwenye umri wa miaka 16, ilitaja magauni matatu ya kulalia. Yaliyoonekana yalikuwa mawili. Constance alisema la tatu lilipotelea kwa dobi. Dobi akakana kulipokea.

Aliyetafutiwa haki alikuwa mdogo wake wa kiume wa baba mmoja, Saville, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne. Alfajiri ya Juni 30, yaya Elizabeth Gough aliamka akakuta kitanda cha mtoto kitupu, shuka zimenyooshwa vizuri. Hakupiga kelele, alidhani mama amekuja kumchukua usiku. Milango ilikuwa imefungwa, ila dirisha la sebuleni lilikutwa wazi. Baadaye mwili wa mtoto ukapatikana katika choo cha watumishi bustanini, amechinjwa.

Majirani hawakuhangaika na wezi wa kutoka nje. Waliitazama familia. Bwana Samuel Kent alikuwa mkaguzi wa viwanda wa serikali, na mke wake wa pili alikuwa ameingia nyumbani humo kama mwalimu wa watoto wakati mke wa kwanza yu hai. Kwa wambea, hilo lilitosha. Uvumi ulioshika kasi ulisema kwamba mtoto aliamka akamwona baba yake na yaya, wakamnyamazisha. Mwandishi Charles Dickens mwenyewe aliamini hivyo. Huku kijijini, polisi wa pale walilipata vazi la ndani lenye damu limefichwa jikoni, kisha wakalipoteza na kuificha aibu yao kwa miezi.

Whicher alikwenda kinyume na uvumi: alimkamata Constance. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa nguo isiyokuwepo, na mahakimu hawakuweza kumfunga binti wa watu kwa gauni ambalo hakuna aliyeliona. Aliachiwa ndani ya siku chache. Magazeti yalimrarua Whicher. Mtu wa tabaka la chini alipata wapi ujasiri wa kupekua nguo za msichana wa nyumba kubwa? Mwaka 1864 alistaafu. Mwaka uliofuata, Constance alijitokeza mwenyewe mjini London na kukiri kwamba ndiye aliyeua. Alikaa gerezani miaka 20.

Wilkie Collins, rafiki wa Dickens, alikuwa ameona katika mkasa ule kitu ambacho mahakimu hawakukiona. Riwaya yake ya The Moonstone ya mwaka 1868 inageuza mauaji kuwa wizi wa almasi, lakini inabaki na gauni la kulalia lenye doa na mpelelezi anayeulizia nguo zilizokwenda kufuliwa. Hapo ndipo fasihi ya upelelezi ilipojifunza kuingia chumbani, kufungua makabati na kumshuku mwenye nyumba kabla ya mgeni.

Tabia hiyo haikubaki vitabuni. Agosti 17, 1980, mtoto Azaria Chamberlain, mwenye umri wa wiki tisa, alitoweka kwenye hema karibu na mwamba wa Uluru, Australia. Mama yake, Lindy, alisema amemwona dingo, mbwa mwitu wa nchi ile, akitoka hemani. Mwanzoni aliaminiwa: uchunguzi wa kwanza ulimlaumu dingo. Kisha watu wakaanza kusoma sura yake kwenye televisheni, kwamba halii ipasavyo. Wazazi walikuwa Wasabato, baba akiwa mchungaji, na imani yao ikageuzwa hadithi za kafara. Ikasemwa pia kwamba mtoto aliwahi kuvalishwa gauni jeusi.

Lindy alisema pia kwamba juu ya nguo yake Azaria alikuwa amevaa kikoti kidogo cha kufumwa. Hakikupatikana, basi akaitwa mwongo. Mwaka 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha, kwa msaada wa wataalamu waliodai kuona damu ya mtoto ndani ya gari la familia, ambayo baadaye ilibainika kuwa ni dawa ya kuzuia kelele iliyopulizwa kiwandani. Februari 1986, watu waliokuwa wakitafuta mabaki ya mtalii aliyeanguka mwambani walikiokota kikoti hicho mahali penye mapango ya dingo. Lindy akatoka gerezani siku chache baadaye. Cheti cha kifo kinachomtaja dingo kilisubiri hadi 2012.

Kwa hiyo mwandishi wa Kanada Shari Lapena alipotoa The Couple Next Door mwaka 2016, alikuwa anatembea njia iliyokwisha kukanyagwa. Wazazi wako kwenye chakula cha usiku kwa jirani, mtoto amebaki nyumbani, na wanaporudi kitanda ni kitupu. Mpelelezi Rasbach anawageukia baba na mama mara moja. Na kinachomtia mama mashakani mapema ni nguo: amewaambia polisi mtoto alikuwa amevaa ya waridi, nao wanaikuta humohumo chumbani.