Mahakama ya Wanawake wa Kibarbaig

Wilaya za Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, zimewahi kuwa na vyama viwili vya wanawake ambamo mwanamume hakuruhusiwa kuketi. Cha kwanza ni marmo ya Wairaqw, inayofanana kwa kiasi na unyago wa pwani: wasichana waliokaribia kuolewa walitawishwa kwa miezi, wakafundwa na wanawake wazima mambo ambayo hayakupaswa kumfikia mwanamume wala msichana asiyefundwa. Cha pili ni girgwageda gademg, baraza la wanawake wa Kibarbaig, Wadatoga wanaochunga ng'ombe kuuzunguka Mlima Hanang. Marmo ilikoma yapata mwaka 1930, chini ya Waingereza. Baraza likaendelea. Vyote viwili vilikuwa na milango iliyofungwa, kwa hiyo usiri hautoshi kueleza kwa nini kimoja kilikufa na kingine kikabaki. Naona jibu liko katika kazi: marmo ilifundisha, baraza lilihukumu.

Na lilihukumu wanaume. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarbaig katika miaka ya 1950, alilieleza katika makala ya mwaka 1964 na katika kitabu cha mwaka 1970. Mwanamume akivuka mpaka wa mambo ya wanawake, kwa mfano akimtendea vibaya mama aliye bado katika siku zake za uzazi, wanawake wa ujirani huitana na kuketi peke yao. Wanajadili kosa, wanasikiliza ushahidi, wanatoa hukumu. Mshtakiwa anaweza kuitwa ajieleze, lakini hana kiti kikaoni. Akikutwa na hatia anatozwa fahali mweusi, na akikaidi anajitafutia laana ya wanawake. Kwa mfugaji, laana hiyo si maneno matupu: uzazi wa mke na wa ng'ombe ndio utajiri wake wote.

Atakayepinga atasema kwamba ukoo wa Kibarbaig hufuata baba, kwamba mifugo mingi iko mikononi mwa wanaume, na kwamba baraza ni njia tu ya kuwapoza wanawake ili mambo yabaki yalivyo. Hoja hiyo ina uzito, kwani baraza halikuwahi kuwapa wanawake urithi sawa na wa kaka zao. Lakini kitu cha kupoza hasira hakimgharimu mtu fahali. Adhabu iliwekwa palepale penye nguvu ya mwanamume, yaani zizini, na wanaume walilipa. Mwingine atasema marmo iliangushwa na ukoloni na dini mpya, si na udhaifu wake. Shinikizo hilo lilikuwepo kweli, ila Wabarbaig nao waliwekewa machifu na mahakama za wanaume na utawala uleule. Mafundisho yanaweza kuhamia kwa mama na binti nyumbani hata chama kikifa. Hukumu haihamiki hivyo, kwa sababu mke mmoja hawezi kumtoza mumewe faini. Anahitaji wenzake.

Lakini kwa kuwa nguvu yake ilitegemea wenzake hao wa ujirani, baraza lilikuwa na kikomo, na kikomo hicho kilionekana kilimo cha ngano kilipofika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mpango uliosaidiwa na Kanada ulianzisha mashamba ya shirika la umma la NAFCO huko Hanang, yakameza takriban ekari 100,000 za malisho bora. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua ushindi huo. Trekta zilipita hata juu ya makaburi, na kwa Wabarbaig kaburi la mzee huheshimiwa vizazi na vizazi. Kosa kama hilo lingetendwa na jirani, angejibu mbele ya watu wake. Shirika halina mke, halina boma, halina ng'ombe wa kuogopea laana, na hakuna baraza la Hanang lililokuwa na njia ya kulidai fahali mweusi.