Maktaba, Viungo na Udereva: Mambo Yasiyokuwa na Mtihani

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya historia ya shule yetu. Habari za majengo na za wakuu wa shule zimekwisha andikwa na wenzangu, tena vizuri. Mimi nitaeleza mambo matatu ambayo hayakuwa na mtihani wa taifa, na kwa hiyo hayakuwekewa kumbukumbu: maktaba, mazoezi ya viungo na udereva. Nimeyachagua kwa sababu mkutano wetu wa safari hii utaamua fedha tulizochanga zifanye kazi gani, na naamini historia hii inaweza kutusaidia.

Nilisoma hapo Singida kuanzia 1974 hadi 1977. Mkoa ulikuwa bado mchanga, maana ulizaliwa mwaka 1963 baada ya Jimbo la Kati kugawanywa. Tulikuwa watoto wa Elimu ya Kujitegemea, siasa iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967. Shule ilitakiwa iwe na shamba, iwe na kazi za mikono, na imwandae kijana kuishi na wenzake. Mambo matatu ninayoyasimulia yalikua katika udongo huo.

Nianze na maktaba. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Yetu ilikuwa darasa moja lenye rafu zilizotengenezwa na wanafunzi wenyewe. Humo mlikuwa na tafsiri za Mwalimu Nyerere kutoka kwa Shakespeare, ile ya Juliasi Kaizari iliyotoka kwanza mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni, na kwa sababu hiyo ilisomwa kuliko vitabu vyote, ikiwa imevalishwa gazeti la Uhuru kama jalada. Baadaye kitabu hicho hicho kikawa cha kufundishia! Mwalimu aliyeshika ufunguo alitufundisha kupanga vitabu kwa namba, 630 kilimo, 967 historia ya kwetu, na kila aliyeazima aliandikwa. Mwalimu huyo alipohamishwa, ufunguo ulibaki katika saraka ya ofisi. Muda si mrefu chumba kikawekwa majembe na magunia ya mahindi. Vitabu vilikuwapo vile vile. Aliyekosekana ni mtu.

Viungo vilikuwa na bahati njema zaidi. Saa 11 alfajiri kengele ililia, na shule nzima ikatoka mchakamchaka hadi karibu na Ziwa Singidani, upepo wa Julai ukitukata masikio. Vifaa hatukuwa navyo, ila tulikuwa na barabara. Mwaka niliojiunga, tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Kuanzia hapo hakuna aliyeona haya kukimbia peku. Mwaka 1978 Gidamis Shahanga, kutoka kwa jirani zetu wa Hanang, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada. Na mkoa wetu wenyewe umemtoa Alphonce Simbu wa kijiji cha Mampando, Ikungi, aliyepata medali ya shaba ya dunia London mwaka 2017 na ya dhahabu Tokyo mwaka 2025.

Udereva haukuwa katika ratiba hata siku moja. Ulifundishwa na dereva wa lori la shule, mzee mmoja mpole, tulipokwenda naye kuchota maji na kuni. Kwa kuwa sheria ya 1973 ilikataza asiye na leseni kuendesha, hakuturuhusu kugusa usukani gari likitembea. Alitufundisha likiwa limesimama: kupima oili, kujaza maji ya rejeta, kuziba tyubu, kusikiliza injini. Juu ya mlima Sekenke, kabla ya kuteremka Wembere, aliwashusha vijana wawili wachukue gogo la kuzuia gurudumu, kisha akatukumbusha kwamba gia ya kupandia mlima ndiyo ya kushukia, kwani breki zikipata moto hazishiki tena. Wenzetu waliomaliza Kidato cha Sita wakaenda JKT walikuta elimu hiyo inawafaa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta yalipoadimika, lori likawekwa juu ya mawe, na mafunzo yakaishia hapo.

Sasa tulinganishe. Maktaba ilikuwa na vitabu, ikakosa mlezi. Udereva ulikuwa na mlezi, ukakosa mafuta. Viungo havikudai kitu ila watu kuamka pamoja, navyo vikadumu.

Wapo wanaopendekeza tujenge jengo jipya la maktaba lenye majina yetu ukutani. Sipingi nia yao. Lakini chumba kipo, na vitabu vikiletwa vitapatikana. Naomba tulipe kwanza posho ya mkutubi kwa miaka michache mfululizo, mpaka desturi ya kuazima irudi. Aidha, vijana wengi wakimaliza Kidato cha Nne hukimbilia bodaboda bila kufundishwa na mtu yeyote, na barabara zetu za lami hazisamehe mwendo kasi kama zilivyosamehe zile za vumbi. Tumwombe Mkuu wa Shule atupatie alasiri moja kwa mwezi, tumlete askari wa usalama barabarani au mwalimu wa VETA azungumze nao.

Ndugu zangu, naomba tuje mkutanoni tukiwa tumelifikiria jambo hili. Majina yetu ukutani yanaweza kusubiri.