Kilimo cha poinsetia katika vitalu nyumba vya wanafunzi

Kilimo cha poinsetia katika vitalu nyumba vya wanafunzi ni shughuli inayofanyika kila mwaka katika shule za sekondari na vyuo vikuu vingi vya Marekani. Wanafunzi hukuza poinsetia (jina la kisayansi: Euphorbia pulcherrima) kwenye vyungu kuanzia mwezi wa Agosti na kuiuza kabla ya Krismasi. Shughuli hiyo ni somo la vitendo na pia ni chanzo cha mapato. Ugumu wake mkubwa ni tarehe: mmea ambao haujapata rangi mwanzoni mwa Desemba ni vigumu kuuzika, na baada ya tarehe 25 karibu hauna thamani sokoni.

Mmea wenyewe

Poinsetia ni kichaka cha familia Euphorbiaceae, ambayo ina pia mhogo na mbono. Asili yake ni Meksiko na Guatemala, ambako huweza kufikia urefu wa mita 4. Sehemu nyekundu ambazo watu huziita maua ni majani ya juu yanayobadilika rangi, yaitwayo brakti. Maua halisi ni yale madogo ya manjano yaliyo katikati.

Waazteki waliuita mmea huu cuetlaxochitl. Jina la poinsetia limetokana na Joel Roberts Poinsett, mwanadiplomasia wa Marekani aliyehudumu Meksiko kuanzia 1825 hadi 1829 na kuupeleka mmea huo kwao South Carolina. Tarehe 12 Desemba, siku aliyofariki mwaka 1851, huadhimishwa Marekani kama Siku ya Poinsetia.

Katika karne ya 20 familia ya Ecke huko Encinitas, California, iliongoza biashara hiyo kwa sababu ilijua siri ya kupata mmea mfupi wenye matawi mengi: kuunganisha aina mbili za poinsetia. Mwaka 1991 watafiti John Dole na Harold Wilkins walichapisha maelezo ya jinsi sifa hiyo inavyohamishwa kwa kuunganisha, na baadaye ikathibitishwa kwamba chanzo chake ni fitoplazma, yaani bakteria wadogo wanaoishi ndani ya mishipa ya mmea.

Ratiba ya kazi

Vipandikizi huagizwa miezi kadhaa kabla ya kupandwa. Mwezi wa Agosti, vikiwa vimeshatoa mizizi, hupandwa katika vyungu vyenye kipenyo cha sentimita 15 hivi. Udongo wake ni mchanganyiko mwepesi usiotuamisha maji, wenye pH kati ya 5.8 na 6.3.

Wiki mbili hivi baadaye wanafunzi hukata ncha ya kila mmea na kubakiza majani matano au sita. Kwenye kikwapa cha kila jani huchipua tawi, na kila tawi hubeba kichwa kimoja cha rangi. Mmea usiokatwa ncha hupanda juu kwa shina moja.

Mbolea huchanganywa na maji ya kumwagilia, kwa kawaida miligramu 200 hadi 250 za nitrojeni kwa lita. Joto la usiku huwekwa kati ya nyuzi 16 na 20 za Selsiasi. Kadiri mimea inavyotanuka, vyungu huachanishwa. Ikibanana hurefuka na kulegea. Madarasa mengi hupima urefu wa mimea kila wiki na kuchora grafu, ili ionekane mapema kama inapita kimo kinachotakiwa.

Umuhimu wa giza

Poinsetia ni mmea wa siku fupi: huanza kutoa maua pale usiku unapozidi kiasi fulani cha urefu. Katika majimbo mengi ya Marekani hali hiyo hufika yenyewe katika wiki ya mwisho ya Septemba. Kuanzia hapo huchukua takriban wiki 8 hadi 10, kutegemea aina, mpaka mmea uwe tayari kuuzwa.

Giza hilo lisikatizwe. Taa ya ulinzi, taa ya barabarani au balbu iliyosahauliwa katika chumba jirani inaweza kuchelewesha rangi, hata kama mwanga wake ni hafifu. Shuleni hatari hii ni kubwa, kwa kuwa majengo hutumika mpaka usiku. Ndiyo maana baadhi ya vitalu hufunikwa kwa pazia jeusi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi. Kosa hili halionekani siku linapotendeka. Hujulikana Novemba, mimea ya upande mmoja inapobaki ya kijani, na wakati huo hakuna dawa ya kurudisha wiki zilizopotea.

Wadudu na magonjwa

Adui mkuu ni inzi weupe, hasa Bemisia tabaci, ambao hujificha chini ya majani. Wanafunzi hutundika kadi za njano zenye gundi na kuhesabu wadudu walionaswa. Vitalu vingine hutumia nyigu wadogo kama Encarsia formosa, ambao hutaga mayai ndani ya tunutu wa inzi hao. Maji yakizidi huleta kuoza kwa mizizi, na hewa yenye unyevu huleta ukungu wa kijivu kwenye brakti.

Utomvu mweupe wa mmea huweza kuwasha ngozi, kwa hiyo ni vizuri kuvaa glavu. Imani kwamba jani lake huua mtoto haina msingi: utafiti wa 1996 uliochunguza matukio zaidi ya 22,000 yaliyoripotiwa katika vituo vya sumu vya Marekani haukukuta kifo hata kimoja.

Usimamizi na mauzo

Wanafunzi hugawana kazi za kumwagilia, kukagua wadudu, kutunza kumbukumbu na kuuza. Zamu hazisimami wikendi wala kwenye sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, ambapo wanafunzi wengi huwa wamekwenda makwao na mimea iko karibu kuuzwa. Katika shule za sekondari kazi hii mara nyingi huendeshwa na matawi ya FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1928. Katika vyuo huendeshwa na klabu, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Florida huko Gainesville. Mapato hugharimia safari za masomo, misaada kwa wanafunzi na vipandikizi vya mwaka unaofuata.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Mashamba ya Kenya, Uganda na Ethiopia huzalisha vipandikizi vya poinsetia vinavyosafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Karibu na ikweta usiku ni mrefu vya kutosha kuanzisha maua, kwa hiyo kazi huko ni kinyume: taa huwashwa usiku ili mimea mama isitoe maua bali iendelee kutoa machipukizi. Katika bustani za nyumbani poinsetia hukua nje kama kichaka. Isichanganywe na mkrismasi (Delonix regia), ambao ni mti mkubwa wa jamii ya mikunde unaochanua maua mekundu karibu na Desemba.