Kumtenga Mgonjwa na Kumtengea Chakula

Mwanafunzi anayejifunza minyambuliko ya vitenzi hufundishwa mapema kwamba kauli ya kusababisha humfanya mtu awe chanzo cha tendo la mwingine. Alishaye ndiye sababu ya mwenziwe kula, na alazaye ndiye sababu ya mtoto kulala. Siku anapokutana na neno kuuguza hushangaa. Ikiwa kuugua ni kushikwa na maradhi, je, kuuguza si kumtia mtu maradhi? Maana iliyoshika katika mazungumzo ya kila siku ni nyingine kabisa. Kuuguza ni kukaa na mgonjwa katika ugonjwa wake mpaka mwisho wake, uwe mwisho wa kheri au wa shari. Kama vile mkunga anavyomzalisha mama, ingawa mimba si kazi yake.

Neno kutenga nalo lina nyuso mbili. Kijiji humtenga mtu aliyevunja miiko, na tangu siku hiyo hakuna aendaye kwake wala alaye naye. Lakini mama akikitoa chakula jikoni na kukiweka mbele ya watu wake, husemwa kwamba ametenga chakula. Wanafunzi wetu hapa Uganda, ambao wengi wao hawakukipata Kiswahili kwa mama zao, huona ajabu kwamba kitenzi kimoja chaweza kufukuza na kukirimu.

Katika makala hii tunakusudia kutazama jinsi maneno haya mawili, kuuguza na kutenga, yalivyokutana chini ya paa moja kila mara jamaa mmoja aliposhikwa na maradhi ya virusi yanayoambukiza. Tutaanza na ndui, kisha tutakaa zaidi katika Gulu, kaskazini ya nchi yetu, mwaka 2000. Rai yetu twaitoa mapema ili msomaji aipime mwenyewe: kanuni za kumtenga mgonjwa zilishikwa na watu pale zilipomtaja pia mtu wa kumuuguza. Zilipotaja kutenga peke yake, watu walimficha mgonjwa.

Ndui ilikuwa ni maradhi ya nyumbani kuliko ya njiani. Virusi vyake vilikaa mwilini kimya kwa siku 12 hivi, kisha homa kali ikampiga mtu, na baada ya siku mbili tatu vipele vikaanza kutokea mdomoni na usoni. Hapo ndipo alipoanza kuambukiza wengine, na kwa kawaida hapo ndipo alipokuwa hana tena nguvu za kwenda sokoni wala shambani. Basi walioipokea ndui kutoka kwake walikuwa hasa wale waliolala naye chumba kimoja, waliomwinua anywe uji, na waliozifua nguo zake. Katika namna yake kali, ugonjwa huo uliua kiasi cha watu 3 katika kila 10 walioupata. Aliyepona alibaki na makovu, pengine na upofu pia, lakini ndui haikumrudia.

Wazee wetu hawakuwa na habari ya virusi, lakini jambo hilo la mwisho walilijua vizuri. Kwa ajili hiyo, katika jamii mbalimbali za Afrika ya Mashariki, mwenye makovu ndiye aliyeaminiwa kuingia kwa mgonjwa. Uso ulioharibiwa na ndui ulikuwa ndio cheti chake cha uuguzi.

Shirika la Afrya la Dunia lilipokaza juhudi za kuifuta ndui kuanzia mwaka 1967, wataalamu wake walikutana na swali lile lile la nyumba. Kumpeleka kila mgonjwa katika hospitali ya kutengwa kulikuwa na hatari zake. Jamaa walimficha, au walikimbia naye hadi kijiji kingine, na baadhi ya hospitali zenyewe zikawa ndiko ugonjwa unakotokea. Katika miaka ya 1970 huko India na Bangladesh, mgonjwa aliachwa nyumbani kwake, na walinzi wakawekwa mlango wa mbele na wa nyuma, usiku na mchana. Aliyetaka kuingia alichanjwa kwanza. Familia ililetewa chakula ili pasiwe na mtu wa kutoka kwenda kukitafuta. Twaona kwamba jambo hili la chakula halisifiwi vya kutosha katika vitabu, maana mlinzi mmoja hawezi kumzuia baba ambaye watoto wake wana njaa.

Mgonjwa wa mwisho aliyeipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mtu wa mwambao wetu huu wa Afrika ya Mashariki: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, kusini mwa Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Naye hakuipata nyumbani. Alipanda gari moja na watoto wawili wagonjwa waliokuwa wakipelekwa mahali pa kutengwa, safari ya dakika chache tu. Hivyo hata kanuni tuliyoitaja ya chumba kimoja ina tundu lake. Katika watu wote waliokuwa wamemkaribia yeye, hakuna aliyeugua. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulitangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni.

Sasa twende Gulu. Mwezi wa Oktoba 2000 ilithibitishwa kwamba maradhi yaliyokuwa yakiwaua watu huko ni Ebola, ya aina iitwayo Sudan. Mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha mwezi wa Februari 2001, watu 425 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 224 kati yao walikuwa wamekufa. Ebola haisafiri hewani kama mafua. Hupita katika damu, matapishi, jasho na uchafu mwingine wa mwili, na mgonjwa huambukiza baada ya kuonyesha dalili. Wachunguzi walipotafuta njia kuu za maambukizi katika mlipuko huo walitaja tatu: kuhudhuria mazishi ya waliokufa kwa Ebola, kumgusa jamaa mgonjwa, na kutibu bila ya kinga za kutosha. Ukizitazama, zote tatu ni kazi za upendo na wajibu. Mwenye kuosha maiti, mwenye kumfuta mama yake matapishi na mwenye kumchoma sindano mgeni ndio waliochukuliwa.

Waacholi wana neno lao, gemo, kwa maradhi mabaya yajayo ghafla kama upepo na kuangusha watu wengi. Ugonjwa ukishatambuliwa kuwa ni gemo, mwendo wa nyumba hubadilika, na kanuni zake zilikuwako kabla ya daktari yeyote kufika Gulu na mavazi ya plastiki. Mgonjwa huwekwa katika nyumba ya peke yake, kiasi cha mita 100 kutoka nyumba nyingine, wala hapokei wageni. Kandokando ya mlango husimamishwa mabua mawili marefu ya matete, na penye kuingilia kijiji huwekwa mengine mawili na la tatu likilazwa juu yake, ili mpita njia ajue na kurudi. Watu hawatembeleani kijiji kwa kijiji, hawali chakula cha wageni, ngoma hazichezwi, mume na mke hawalali pamoja, na wajawazito na watoto huwekwa mbali kabisa na mgonjwa.

Lakini kanuni tunayopenda msomaji aitazame kwa makini ni ile ya mwuguzi. Mgonjwa hulishwa na kutunzwa na mtu aliyewahi kupona gemo. Asipopatikana, kazi hiyo huchukuliwa na mzee, mwanamume au mwanamke. Uamuzi huo ni mgumu, na hapana haja ya kuupamba. Wazee wa Kiacholi walikubali kwamba mtu fulani ataingia katika hatari, wakachagua aingie yule aliyekwisha lea watoto wake. Aidha, mgonjwa akipona hubaki pale alipotengwa kwa mwezi mzima wa mbinguni, na akifa huzikwa na aliyepona gemo, au na aliyewauguza wengi asiugue, pembezoni mwa kijiji badala ya uani kwake.

Kuna kanuni moja zaidi ambayo mgeni angeweza kuiruka akidhani ni mapambo: katika siku hizo ndani ya nyumba kusiwe na maneno makali wala ugomvi. Sisi twaona ina maana kubwa. Nyumba yenye mgonjwa anayeogopwa ni nyumba ya lawama. Nani aliyeuleta? Nani aliyekwenda matangani akakatazwa? Anayelaumiwa huficha homa yake, na homa iliyofichwa huwafikia watoto. Wazee waliliweka suala la ulimi katika orodha moja na mita 100.

Hatusemi kwamba desturi hii ilitosha. Siku hizi yajulikana kwamba virusi vya Ebola vyaweza kukaa katika shahawa kwa miezi mingi baada ya mtu kupona, kwa hiyo mwezi mmoja ni mchache. Tena kanuni ya mita 100 yahitaji ardhi, na katika mwaka 2000 Waacholi wengi hawakuwa nayo. Kwa sababu ya vita walikuwa wamekusanywa, tangu mwaka 1996, katika kambi ambamo vibanda vilikaribiana hata mtu aliyelala aliweza kusikia kikohozi cha jirani. Huko mabua ya matete yangesimamishwa wapi?

Wale waliofikishwa hospitalini waliuguzwa na watu wasiokuwa jamaa zao. Dakta Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali ya St. Mary's huko Lacor, alikuwa masomoni Kampala habari za vifo zilipomfikia, akarudi. Alifariki kwa ugonjwa huo huo tarehe 5 Desemba 2000, na wauguzi kadhaa wa hospitali yake walikufa pia. Maiti za waliofia hospitalini zilitiwa katika mifuko na kuzikwa na kikosi maalumu, mara nyingine jamaa wasione. Kwa Waacholi, ambao kwao shangazi wa marehemu ndiye amwoshaye, hilo lilikuwa jeraha, na uvumi ukaenea kwamba viungo vya maiti vinauzwa. Uvumi huo haukuwa wa kweli, lakini asili yake yaeleweka: watu walionyang'anywa wajibu wao bila ya maelezo huyatunga maelezo wenyewe. Baadhi ya waliopona nao walirudi makwao wakakuta nguo zao, hata nyumba zao, zimechomwa moto. Hapo kutenga kulikuwa kumerudi katika ule uso wake wa kwanza.

Covid-19 ilipothibitishwa Uganda tarehe 21 Machi 2020, mwanzoni kila aliyeonekana na virusi alilazwa hospitalini, hata asiyekohoa. Baadaye vitanda havikutosha, na wenye dalili nyepesi wakaambiwa wauguzwe nyumbani: chumba cha peke yake, vyombo vyake, dirisha wazi, na mtu mmoja tu wa kumhudumia naye amevaa barakoa. Maagizo hayo hayapishani sana na ya gemo. Tofauti kubwa ni hali ya hewa ya ugonjwa wenyewe, kwa kuwa Covid-19 huambukiza hata kabla mtu hajajijua kuwa ni mgonjwa, na kupitia katika pumzi. Kwa familia ya watu sita wenye chumba kimoja cha kupanga, pazia lililotundikwa katikati lilikuwa ndilo mita 100 zao.

Neno lililoenea katika Kiswahili cha siku hizo lilikuwa kujitenga. Ni neno sahihi kisarufi, na wanafunzi walilishika upesi. Ila kiambishi kile cha kujirejea kimebana: mtenda na mtendwa ni mtu yule yule, na mlangoni hakuna mwingine. Hata karantini, ambalo asili yake ni siku 40 za merikebu zilizozuiwa bandarini huko Italia, lilikuwa neno la wengi waliokaa pamoja wakiletewa mahitaji. Kauli ya kutendea ingetufaa zaidi, nayo tunayo tangu zamani. Mtu hutengewa chumba, na hutengewa sahani, na katika kauli hiyo lazima awepo atengaye.

Ebola ya aina ya Sudan ilirudi Mubende, na serikali ikaitangaza tarehe 20 Septemba 2022. Kabla ya kutambuliwa ilikuwa imekwisha pita ndani ya familia, jamaa akimuuguza jamaa kwa kudhani ni malaria. Waliokuwa wamemkaribia mgonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, wakipimwa joto na kuulizwa hali zao. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, baada ya wagonjwa 142 na vifo 55 kuthibitishwa.