Kikatizi kinacholinda betri umeme unapopotea

NYALI, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ndiko waya wa mawasiliano wa chini ya bahari wa LION2 ulikofika nchi kavu mwaka wa 2012. Mitambo ya mawasiliano, milingoti ya simu ikiwemo, aghalabu huendeshwa kwa umeme wa DC wa volti 48. Umeme wa gridi ukipotea, kama ulivyopotea sehemu kubwa ya nchi usiku wa Agosti 25, 2023, betri huubeba mzigo papo hapo, bila kungoja jenereta.

Hatari ni kuziacha zibebe mno. Betri ya risasi na asidi ya seli 24 ikinyonywa chini ya volti 1.75 kwa kila seli, yaani 42 kwa jumla, kisha ikaachwa hivyo, salfeti ya risasi hugandamana katika sahani zake na uwezo uliopotea haurudi wote. Ndipo huwekwa kikatizi, swichi inayopima volti na kuutenga mzigo kabla ya kufika huko.

Kurudisha ni kazi nyingine. Betri iliyotuliwa mzigo hupanda volti yenyewe kidogo. Ikiunganishwa upesi hushuka tena, na swichi ikafyatuka na kurudi usiku kucha. Hivyo kikatizi hungoja chaja ipandishe volti vya kutosha.

Sola ya nyumbani ya volti 12 ina ulinzi uo huo ndani ya kidhibiti chaji: hukata karibu na 11, hurudisha karibu na 12.6. Anayekiruka kidhibiti na kuunga taa kwenye betri yenyewe (nao ni wengi, hasa giza likiingia) anaila betri yake.